Mama Amesema Niite Watu

Alhamisi, katikati ya Agosti. Jua kali tangu asubuhi, upepo kidogo, anga haina hata wingu la kusingizia.

Nimejifungia chumbani kwangu hapa Rågsved, kitongoji cha Stockholm, nimekaa sakafuni, mgongo nimeuegemeza kabatini. Naandika kwa simu. Nje watoto wanapiga mpira, na kuna mtu anachoma nyama kwenye baraza ya ghorofa ya chini. Ingekuwa siku nyingine ningefungua dirisha nimuulize kama imeiva. Haya nitayaweka kwenye blogu baadaye, kila anayehusika akishajua. Kwa sasa naandika tu.

Mdogo wangu Baraka amefariki.

Haya, nimeandika. Tangu Jumanne nimelibeba neno hili kifuani. Hapa Stockholm nimewaambia watu watatu tu: binti yangu Imani, rafiki yangu Nyambura, na mchungaji wetu. Tena kwa kunong'ona, kama mwizi.

Baba mdogo alinipigia nikiwa kazini. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, na wakati huo nilikuwa nashuka ngazi kutoka kwa bibi mmoja wa Kiswidi niliyekuwa nimetoka kumpa dawa zake. Akaniuliza, "Mama Imani, umekaa?" Mtu wa kwetu akikuuliza kama umekaa, tayari umeshajua. Nikakaa palepale kwenye ngazi. Gari, akasema. Barabara ya Kasulu, basi dogo limepinduka. Hakuteseka. Huwa wanasema hivyo, hakuteseka, na mimi siku zote nilikuwa mtu wa kuuliza wamejuaje. Safari hii sikuuliza.

Kisha akatoa amri. Mama yetu yuko huku kwangu, amekuja kututembelea tangu mwanzo wa Julai, na Jumapili anarudi Kigoma. "Hatumwambii mpaka afike," baba mdogo akasema. "Yule ana presha. Akifika, akaoga, akala, akakaa, ndipo tutamzunguka na kumwambia. Hatuziki bila yeye, tunamsubiri. Wewe kazi yako ni kumtembeza na kumfurahisha."

Kumtembeza na kumfurahisha! Utadhani mimi ni kampuni ya utalii.

Lakini nilikubali. Niliogopa presha, niliogopa baba mdogo, na zaidi ya yote niliogopa uso wa mama. Jioni ile nikajiandikisha zamu kwenye chumba cha kufulia kule chini ya jengo letu, nikashuka na kapu la nguo safi, zilizokunjwa kabisa. Nikazitia kwenye mashine, nikaiwasha, na kelele ilipoanza ndipo nikalia. Nilifua nguo safi ili nipate pa kulilia. Imani alinifuata kuuliza habari za chakula akanikuta nimeikumbatia mashine. Ana miaka kumi na mmoja. Nikamwambia, halafu nikamwapisha asimwambie bibi yake. Kumtwisha mtoto mzigo kama ule, sijui nilikuwa nafikiri nini.

Baraka ni kitinda mimba wetu. Alikuwa fundi simu, ana kibanda chake karibu na stesheni. Simu ya mama aliitayarisha yeye kabla ya safari, akaweka picha zetu badala ya majina kwa sababu mama hapendi kuvaa miwani. Kila asubuhi alikuwa anapiga: "Mama, leo wanakupeleka wapi?" Na kila jioni alidai picha. Basi tangu Jumanne mama anauliza mbona kijana wake kimya, nami nikamjibu simu yake imeharibika. Simu ya fundi simu! Uongo wa kitoto kabisa. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. "Fundi simu hana simu. Makubwa haya!"

Na huyu mama si mtu wa kudanganywa. Kule mtaani kwetu Kigoma, mtu akifiwa naye hajui, mama ndiye anayetumwa. Sijui ilianzaje. Tulipohamia pale kutoka Uvira, mimi nikiwa mdogo, hakuwa anamjua mtu. Baada ya muda wenyeji na wageni wote wakawa wanakuja mlangoni kumchukua. Anajifunga kitenge, ananawa uso, anakwenda. Ana taratibu zake. Mtu haambiwi njiani. Haambiwi akiwa amesimama. Haambiwi akiwa peke yake, na lazima mwanamke mmoja mwenye nguvu akae nyuma yake, maana watu huanguka kinyumenyume. Kwa simu ndiyo kabisa haambiwi. Mama anasema simu haina mikono.

Mtu huyo ndiye niliyeambiwa nimfiche.

Matembezi ya leo tulikuwa tumeyapanga zamani. Nyambura ni Mkenya, anakaa Tensta, na alichukua likizo kusudi twende naye: mji wa kale, kasri la mfalme, kivuko, na ile meli kubwa ya mbao iliyozama enzi hizo ikatolewa majini na kuwekwa makumbusho. Baraka aliiona mtandaoni, akawa haachi kuiulizia. Jana nilitaka tuahirishe. Nyambura akakataa. "Ukiahirisha atashuku, aki. Twende tu. Mimi nitakushikilia."

Mambo yakaanza kuharibika kwenye treni.

Tulipanda hapa Rågsved, mimi, mama na Imani. Nyambura alikuwa anatungojea mjini. Ndani ya behewa alikuwamo Baba Claude, mzee wa Kirundi anayekaa Hagsätra, kituo cha mwisho. Tunasali naye kanisa moja. Habari alikuwa nayo, kwa sababu mchungaji aliwaandikia waumini kwenye kundi la simu watuombee, akasisitiza mama asiambiwe. Baba Claude alipomwona mama alisimama, akavua kofia, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili na kuinamisha kichwa. Hakuuachia. "Pole, mama," akasema. Kisha akaniona mimi nyuma yake, akashtuka, na neno lilikuwa limeshamtoka. Masikini, nikamwona anatafuta pa kulipeleka. "Pole... pole na safari."

Safari! Mama yuko huku tangu mwanzo wa Julai, na kanisani wamekaa benchi moja.

"Asante, nimeshapoa," mama akajibu, kwa upole sana. Akakaa, akatazama dirishani mpaka tukashuka.

Nilijiambia hakushtukia kitu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi njia.

Mji wa kale ulikuwa umefurika watalii. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha njano, sweta langu la kazini, na soksi ndani ya ndala, vazi ambalo wiki iliyopita lingeleta vita nyumbani. Mimi na mama tunabishana, ndivyo tulivyo. Tunabishana kuhusu chumvi, kuhusu nywele za Imani, kuhusu dirisha lifungwe au liachwe wazi. Leo nilikubali kila kitu. Ndiyo mama. Vizuri mama. Kama unavyotaka mama. Nilidhani huko ndiko kumfurahisha.

Mbele ya kasri alimwendea mlinzi aliyesimama na bunduki yake, akamwamkia kwa Kiswahili. Kijana wa watu hakutikisika. "Hata salamu wamemkataza?" mama akauliza. "Nani kamzaa huyu, aje amchukue?" Nyambura akacheka kupita kiasi. Mimi pia nikacheka kupita kiasi. Mama akatutazama mmoja baada ya mwingine.

Halafu akataka kumnunulia Baraka kofia.

Ilikuwa kofia ya buluu yenye taji mbele, zile za watalii. Akaijaribisha kichwani kwa Nyambura, akaivuta huku na huku. "Hapana, hii ndogo. Baraka ana kichwa kikubwa. Kile kichwa kilinitesa siku ya kumzaa, nyie acheni." Nyambura akageuka upande wa ukuta, akajifanya anatazama sumaku za friji. Mimi nikalipa. Nikasema nzuri, mama, itampendeza. Nilisema kabisa, kwa mdomo wangu huu, itampendeza.

Kwenye kivuko upepo ulikuwa mzuri na maji yanameremeta, na watu wote walikuwa na furaha. Niliwachukia wote. Imani aliniegemea, akaniuliza kwa Kiswidi kwa nini tunamdanganya Bibi. Nikamjibu kwa Kiswidi kwamba Bibi ni mgonjwa, tunamlinda. Akasema Bibi haonekani mgonjwa, wewe ndiye unayeonekana mgonjwa. Kisha akaanza kulia. Mama akamvutia kwake, akamfunika kwa upande wa kitenge. "Kiswidi chenu leo kimezidi," akasema, bila kunitazama.

Tukaingia kuiona meli. Ni kitu cha ajabu, siwezi kukataa, kubwa kuliko nilivyofikiri, nyeusi tii, na ukumbi wenyewe wa giza na baridi. Nikamweleza mama kwamba ilizama siku ileile iliposhushwa kwa safari yake ya kwanza, kabla hata haijaipa bandari mgongo. Akaizunguka yote, mikono nyuma. "Na wakaijengea nyumba," akasema. "Hawa watu wanaitunza aibu yao vizuri." Kwa nukta moja nikasahau. Nikacheka kicheko changu cha kweli, nikatoa simu nimwandikie Baraka maneno hayo, maana ndiye ambaye yangemfurahisha kuliko sisi wote.

Kidole kikabaki hewani.

"Nipige picha," mama akasema. "Umtumie." Akasimama mbele ya meli, akanyoosha kitenge, akaweka ule uso wake mkali wa picha. Nikampiga. Nikaituma. Nilituma kweli, sijui kwa nini, kwa namba yake. Ikatokea tiki moja ya kijivu. Nimeichungulia tena sasa hivi. Ni ileile moja.

Tulipotoka tukakaa kwenye meza za nje za mgahawa mmoja karibu na maji. Nyambura akaleta chai na mikate ya mdalasini. Kwa kawaida mama hula nusu, nusu nyingine anaifunga kwenye tishu na kuitia mkobani kwa ajili ya njiani. Leo aliumaliza wote. Alikula taratibu, akatafuna kila kipande, akanywa chai mpaka kikombe kikawa kitupu. Akaomba maji, akameza kidonge chake cha presha, ingawa saa yake ilikuwa bado. Nilikuwa namtazama nikifikiri, afadhali, angalau ana hamu ya kula.

Akapangusa mikono. "Nimekula," akasema. "Sasa twende nyumbani."

"Mama, mbona mapema? Bado hatujaona..."

"Binti yangu." Aliiweka mikono yake juu ya meza. "Mimi nikienda kumpa mtu habari, nahakikisha amekula kwanza, kwa sababu baada ya hapo hatakula. Na tukiwa njiani nakubali kila anachosema. Wewe tangu asubuhi hujanibishia hata mara moja. Hata soksi!"

Nyambura akashindwa kujizuia. "Woiye, Mum," akasema, "woiye," akaweka uso kwenye viganja. Imani alikuwa ameganda na mkate mdomoni. Mimi nikafungua mdomo. Jina lilikuwa limefika kwenye ulimi, naapa, lilikuwa linatoka lenyewe. Mama akaniziba mdomo kwa kiganja chake, mbele ya watu wote wale, kiganja kinachonukia mdalasini.

"Usinitajie. Si hapa. Hapa sina wa kunikalia nyuma." Sauti yake haikupanda. "Nataka nikae chini, nyumbani, na nataka watu. Niitie watu. Na utaniambia wewe. Sitaki baba yako mdogo, sitaki simu. Wewe."

"Mama, mimi siwezi."

"Hata mimi nilikuwa siwezi."

Angenipiga kofi ningeelewa. Angelia ningeelewa zaidi. Alisimama, akachukua mfuko wenye kofia, akamshika Imani mkono, akatangulia. Nikamfuata nyuma kama mtoto aliyeharibu.

Ndani ya treni alikaa kati yangu na Imani. Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, nikafikiri anasali. Halafu nikaelewa. Tuko watoto watano wa mama huyu, tumetawanyika Kigoma, Bujumbura, Dar, na huku. Alikuwa anatupitia mmoja mmoja. Anamfikia huyu, anasimama kidogo, anamwacha haraka anakwenda kwa mwingine, anarudi tena. Hakuniuliza. Angeweza kuniangalia tu usoni akataja majina, na uso wangu ungemjibu. Alijizuia mwenyewe njia nzima, na mimi nilikuwa nimekaa pale na jibu lote, bega langu linagusa lake.

Tulipopita kituo cha Gullmarsplan aliweka mkono juu ya goti langu, akalibana.

"Wewe upo," akasema.

"Ndiyo, mama. Nipo."

"Na huyu yupo," akasema, akimgusa Imani kichwani.

"Yupo, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye hesabu yake. Nilitaka treni ianguke. Mungu anisamehe, nilitaka chochote kitokee ili nisifike nyumbani.

Tulipoingia ndani nilimpigia baba mdogo. Akafoka. Akasema nimeharibu, nina haraka kama siku zote, presha ikipanda damu yake iko juu yangu. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, nikabishana na mtu. Nikamwambia huyu ni mama yangu, na aliyekufa ni mwanawe, na haiwezekani avuke dunia nzima kwenye ndege peke yake, aje auone msiba wake kwa macho kabla hajaingia getini, turubai limesimama na viti vya kukodi vimepangwa uani. Nikamwambia mama mwenyewe ameagiza watu. Kisha nikamsikia analia, baba mdogo, mtu mzima yule. "Basi mwambie," akasema. "Mwambie vizuri."

Sasa wanakuja. Nasikia viatu vinavuliwa mlangoni. Mama Solange amefika na kipimo cha presha. Ni Mkongomani mwenzetu, muuguzi, mwanamke wa mwili, yeye ndiye atakayekaa nyuma. Baba Claude amekuja na mkewe. Alinishika kwenye ngazi akaomba radhi karibu apige magoti. Nikamwambia mzee, hukuharibu kitu, sisi wote tulikuwa tunaharibu. Nyambura yuko jikoni anapika chai ya maziwa kwenye sufuria langu kubwa na kupenga kamasi. Imani yuko sebuleni, amekataa kuondoka ubavuni kwa bibi yake, nami sikumlazimisha.

Mama amelisukuma kochi mwenyewe, ametandika godoro, amekaa chini na miguu ameinyoosha. Kila anayeingia anamsalimia kwa jina. Anawauliza habari za watoto. Wanamjibu nzuri, mama, nzuri tu.

Niliaga nakuja kubadilisha nguo. Nguo nimeshabadilisha zamani. Naendelea kuandika kwa sababu nikiacha itabidi nisimame. Mama anajua amefiwa, ila hajui na nani. Kwa hiyo sasa hivi, pale sebuleni, Baraka bado ni mmoja wetu, ana nafasi sawa na mimi, sawa na kaka, sawa na dada zangu. Nikiufungua mlango huu ndio namtoa.

Na neno la kwanza ni lipi? Miaka yote nimemwona mama akijifunga kitenge na kwenda, nimemwona akirudi na macho mekundu akaomba maji ya kunywa, na sikuwahi kumuuliza huwa anaanzaje. Anataja jina kwanza? Anasema amelala, amepumzika, amefariki? Anamshika mtu mikono au anamwacha? Mimi mbishi, mimi mwenye maswali kwa kila kitu, hilo sikuuliza. Nikamuulize sasa hivi? Mama, niambie nikuambieje?

Nyambura amegonga. Anasema wote wamefika, na mama ananiita.

Kesho sina habari nayo, ije ikitaka. Baraka, mdogo wangu, naenda kukutaja.